Mwanamume wa Kwenye Sanduku

Siku ya kutoa jibu niliharibu mashati mawili kabla ya saa nne asubuhi. La kwanza niliishona kola ikatazama mgongoni, la pili nikashona mfuko juu ya mfuko. Yalikuwa mashati ya watu, na mwaka ule wa themanini na nne shati lilikuwa mali. Kitambaa hakikupatikana madukani, ndiyo maana mafundi wa Shinyanga tuliishi kwa kugeuza kola zilizochakaa, upande wa ndani ukaja nje, mtu akaenda zake msikitini au kanisani kama amevaa shati jipya. Kazi ile niliweza kuifanya nimefumba macho. Lakini siku hiyo mguu ulikanyaga cherehani ukasahau kusimama.

Melania, fundi mwenzangu tuliyekodi naye baraza moja pale Ngokolo, alinivumilia weee, mwisho akaninyang'anya mkasi.

"Nenda nyumbani, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma. "Leo utamkata mtu."

Nikamwambia nyumbani ndiko nisikotaka kwenda. Akanijibu kwamba hilo analijua tangu wiki mbili zilizopita, na kwamba yeye akipata mchumba kama Bashiri atakwenda kwa miguu mpaka Nyarugusu, kivuko cha Busisi atakiogelea.

Alikuwa na haki ya kunisema. Bashiri alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Nyarugusu, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, amefiwa na mke, hanywi, hapigi kelele. Alishonesha kanzu kwangu mara tatu, na kila mara alikaa kwenye benchi kimya akisubiri zamu yake kama watu wengine. Halafu akaleta posa. Baba yangu, mzee Shaaban, aliisoma ile barua akaikunja vizuri akaitia ndani ya msahafu. Kwa baba hiyo ilikuwa furaha kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeachwa, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, na kila aliyepita barazani kwetu aliuliza hali yangu kwa sauti ya kuuliza mgonjwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kukubali. Nasema kweli, Bashiri nilimpenda kidogo, kama unavyompenda mtu anayekusaidia mzigo. Kilichonivuruga hakikuwa Bashiri. Alikuwa mshenga wake.

Lakini mpaka uelewe hapo, inabidi nikurudishe Unguja.

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa kule kwa mama mdogo wangu, nimeitwa kumsaidia na mtoto mchanga. Huku bara televisheni tulikuwa tukiisikia kwa jina, na hata mwaka huo wa themanini na nne ilikuwa bado. Unguja walikuwa nayo, tena ya rangi, na kwa mtaa wa mama mdogo iliwekwa kwenye ukumbi ili kila mtu aone. Jioni baada ya magharibi wanawake tulijipanga upande mmoja na watoto mapajani. Nilikwenda kila siku, kwanza kwa kushangaa, baadaye kwa mazoea.

Jioni moja akatokea kijana. Suti yake ilikuwa ya buluu iliyopauka, na nyuma yake wapiga fidla wamekaa. Hakucheza, hakutembea. Alisimama, mkono wa kulia ukakamata kifundo cha mkono wa kushoto, akatutazama, akaimba.

*Mlango usifungue, nifungulie dirisha,*
*Japo uso niujue, moyo upate bashasha.*

Hata sijui nieleze vipi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kwa upole namna ile. Hakuomba aingie. Aliomba aone uso tu. Wimbo ulipanda ukashuka, na mkono wake haukuachia kifundo hata mara moja, kama amezuia kitu kisimtoke. Mama mmoja mbele yangu alijifuta machozi kwa mbeleko ya mtoto. Kesho yake vijana wa mtaa wote walikuwa wanatembea wameshika mikono yao, wanajifanya wana huzuni.

Wimbo ule ulioneshwa mara moja tu. Nilirudi ukumbini kila jioni, mwezi mzima, miezi miwili, nikitazama vipindi vya kilimo na vya afya kwa subira ya Ayubu, haukurudiwa. Redioni sikuusikia. Jina la mwimbaji lilitajwa wakati mtoto analia, likanipita. Nikarudi Shinyanga na ubeti mmoja na nusu kichwani. Miaka tisa nimeuimba peke yangu, kimoyomoyo, juu ya cherehani. Kuna siku nililia kabisa kwa sababu nilisahau ubeti wa pili unaanzaje, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza.

Na ulimi wangu, ulimi huu, ndio ulioniponza.

Niliolewa na Mihayo, dereva wa lori la pamba. Alisilimu ili anioe, akapewa jina la Yusufu, mtaa mzima ukaendelea kumwita Mihayo. Siku moja tukiwa na raha zetu nikamhadithia habari ya yule kijana wa televisheni. Mihayo akaanza kuuliza. Sinema ya gari la serikali alikuwa ameiona uwanjani, lakini kwenye sinema watu hutazamana wao kwa wao. Huyu je, alikuwa anatazama wapi? Nikamwambia anatutazama sisi. Akafikiri. Akasema kwamba kama mimi nilimwona, basi na yeye aliniona.

Ningemweleza vizuri yangekwisha. Badala yake nikaona nimtanie.

"Aliniona," nikasema. "Tena hakupepesa."

Basi nikawa nimejiua mwenyewe. Tangu hapo kila abiria wa pwani aliyepanda lori lake aliulizwa kama anamjua mwimbaji wa Unguja mwenye suti ya buluu. Nikichelewa sokoni, ni yeye. Nikikaa kimya, namfikiria yeye. Nilipojaribu kumweleza kwamba ndani ya lile sanduku hakuna mtu, akaniuliza kwa nini basi nililiambia sanduku jina langu, jambo alilolibuni mwenyewe. Mwaka wa tatu akanipa talaka, na mji wote wa Shinyanga ukajua kwamba Mwamvua ameachwa kwa ajili ya mwanamume wa kwenye sanduku. Watu walicheka mpaka wakachoka. Baba yangu hakucheka.

Jambo lililoniuma zaidi sikumwambia mtu ila Melania. Mihayo alikosea habari ya sanduku, lakini hakukosea yote. Miaka mitatu nimekaa naye, nampikia, namfulia, na sikio langu liko kwingine.

Sasa, wiki mbili kabla ya siku ile, mshenga wa Bashiri alipokuja kuleta barua, baba alinung'unika kwamba ni kijana mno kwa kazi ile. Mshenga huwa mtu mwenye mvi. Lakini Bashiri hakuwa na ndugu upande huu, akamtuma rafiki yake, anaitwa Nassibu, mwanamume wa miaka thelathini na mitatu hivi, mwembamba, sauti imekwaruza kama mtu aliyeamka na mafua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Baba akamwambia haya bwana, sema kilichokuleta. Na kabla hajasema, mkono wake wa kulia ukaenda ukakamata kifundo cha mkono wa kushoto.

Vikombe viliimba juu ya sinia. Shangazi yangu, Kijakazi, dada yake baba, alinitolea macho kama ameona jini.

Melania aliniambia watu wanaoshika mikono yao ni wengi, wengine wameumwa na siafu. Na sauti? Sauti haikuwa ile. Ile ilikuwa laini, hii ilikuwa imejaa mchanga. Nikajiambia nimepata wazimu, kwamba miaka tisa nimemtafuta mtu mpaka sasa namwona kwa kila anayepita. Ndivyo nilivyokaa wiki mbili, nikilala naamka, nikishona nafumua.

Nikaenda nyumbani. Nikaoga, nikajifunga kanga ya shangazi kwa sababu zangu zote ziliniudhi, nikakaa chumbani nasimama nakaa. Mwanamwali anayeposwa huulizwa, akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa, mambo yamekwisha. Mimi nilikwishaolewa nikaachwa. Mwanamke wa namna yangu haozeshwi kwa kimya. Lazima atamke kwa ulimi wake, walii wake asikie. Na baba, kwa kuwa alikuwa ameungua mara moja, alitaka nitamke mbele ya mshenga pia, lisije likageuka njiani.

Saa sita nikaitwa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, shangazi kwenye mkeka, Nassibu kwenye benchi karibu na mlango, shati jeupe, mikono mirefu, vifungo vyote vipo. Nilivihesabu, fundi hajizuii. Nikampa baba shikamoo, nikaketi karibu na shangazi, nikainamisha macho kama inavyotakiwa. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi. Joto la kabla ya mvua lilijaa mle ndani kama mgeni mwingine.

Baba akamtaka mshenga arudie ujumbe. Mkono ukaenda kwenye kifundo. Nassibu akasema kwamba Bashiri anasalimia, na kwamba jibu la barua limengojewa kwa heshima, na leo amekuja kuchukua neno. Baba akanigeukia.

"Mwamvua, mwanangu. Umesikia. Wasemaje?"

"Nina swali kwanza, baba. Kwa mshenga."

Shangazi alinifinya paja, na vidole vya shangazi Kijakazi si vya mchezo. Baba akadhani nataka kuuliza habari za Bashiri, akaruhusu. Nikainua macho.

"Mkono huo una nini?"

Nassibu akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Akauachia. Akasema si kitu, ni mazoea. Nikamuuliza mazoea ya wapi. Akamtazama baba, baba naye alikuwa ananitazama mimi, amekunja uso. Ndipo Nassibu akasema polepole kwamba zamani alikuwa mwimbaji, kwao Unguja.

"Niliimba mara moja kwenye televisheni," akasema. "Suti ilikuwa ya kuazima, mwenye nayo ni mkubwa kuliko mimi. Nikiwa mlangoni kifungo cha mkono kikakatika, mkono wa koti ukawa unateremka mpaka vidoleni. Nikaambiwa ingia, taa zimewaka. Nikaushika hivi usiteremke. Tangu siku hiyo nikitaka kusema mbele ya watu mkono unakwenda wenyewe."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka na machozi pamoja. Miaka tisa! Miaka tisa nimeulilia ule mkono, vijana wa mtaa wameuiga, mama wa watu amelowesha mbeleko, na kumbe ni kifungo. Mimi, fundi wa kushona vifungo.

"Mlango usifungue," nikasema.

Nassibu aliinuka kidogo kwenye benchi akakaa tena. Midomo yake ilimalizia nusu ya pili bila sauti, niliisoma. Tangu nizaliwe sijaonana na mtu hivyo.

Baba yangu si mzee wa kuchelewa kuelewa. Niliona inamfikia. Alivua miwani.

"Huyu ndiye?" akaniuliza.

"Ndiye, baba."

Shangazi akaleta shahada. Baba akamgeukia Nassibu, na uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku Mihayo alipoleta karatasi ya talaka.

"Kijana, nikuulize, na uniambie kweli. Ulimwona binti yangu kutoka kwenye hilo sanduku lako?"

Mtu mwingine angecheka. Nassibu hakucheka. Labda aliona kwamba mzee anauliza jambo lililomkalia moyoni kwa miaka.

"Mzee, kule mtu haoni mtu," akajibu. "Kuna taa kali machoni, na nyuma ya taa ni giza. Niliimba nikidhani hakuna anayesikia. Walaahi sikumwona."

"Basi sasa hakuna taa," nikasema. "Niangalie."

Akaniangalia. Sitasema muda gani, kwa sababu shangazi anasema ulikuwa muda mrefu wa aibu, na mimi nasema haukutosha. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka, na kovu juu ya nyusi ambalo kwenye televisheni halikuwapo. Sikumpenda kwa ajili ya yule wa suti ya buluu. Nilimpenda huyu, pale pale, aliyemjibu baba yangu bila kumcheka.

Kisha akainamisha macho, akarudi kwenye kazi aliyotumwa.

"Dada Mwamvua, mimi nimetumwa. Mwaka juzi duara, shimo letu la dhahabu, lilibomoka, tuko chini. Waliokuwa juu walisema huyu ameshakufa, tuchimbeni kwingine. Bashiri akachimba na mikono yake mpaka akanitoa. Vumbi la siku ile ndilo lililokula sauti yangu, roho ikabaki kwa sababu yake. Ni mtu mwema kuliko mimi. Mkubali."

 Nilisikia cherehani ya jirani ikienda, ikasimama, ikaenda. Neno moja tu lilitakiwa. Nikisema ndiyo, baba atatembea mjini kichwa juu, Bashiri atapata mke, Nassibu atakuwa ametimiza amana yake, na mimi nitahamia Nyarugusu nikampikie mume wangu, na rafiki yake atakuja kula kwetu Ijumaa. Nitamtilia mchuzi. Nitaona mkono ukienda kwenye kifundo kila akitaka kusema bismillahi. Nilijua hasa nitakuwa mke wa namna gani, kwa sababu nilikwishakuwa.

"Baba," nikasema, "ulitaka nitamke. Natamka. Mwambieni Bashiri namheshimu, na kwa sababu namheshimu sitampa nilichompa Mihayo. Mihayo alilala na mwanamke ambaye nusu yake haikuwapo. Alinikosea kwa kuniacha, lakini mimi nilianza. Sirudii kwa mtu mwema. Jibu langu ni hapana."

Baba alisimama. Alisema mengi, na mengine nimeamua kuyasahau. Alisema nataka kumzika mara mbili. Alisema nyumba ya bati na mume mwenye dini nimevikataa kwa ajili ya kifungo. Alimuuliza shangazi kama Unguja nililogwa, shangazi akasema yeye tangu mwanzo alishauri nisipelekwe. Nilikaa pale kwenye mkeka. Nilikuwa nimeshalisema langu.

Nassibu alingoja mpaka baba akanyamaza. Akasimama, akavaa kofia yake, akasema atapanda basi la saa nane la Mwanza, na kwamba jibu atalifikisha kama lilivyosemwa, halizidi halipungui. Hakunitazama. Mlangoni akavaa viatu, kimoja, cha pili, polepole. Kisha akageuka.

"Mzee, samahani," akasema. "Mshenga akishafikisha jibu, kazi yake imekwisha?"

"Imekwisha," baba akasema kwa ukali.

"Na kama atamweleza aliyemtuma kila kitu, usoni, asifiche hata kilichotokea hapa. Na kama yule aliyemtuma atamwambia nenda, sina kinyongo. Akisema hapana, basi huyo mtu haji, mzee, humwoni tena. Lakini akisema nenda. Mtu huyo anaruhusiwa kupiga hodi hapa?"

 Baba alizipangusa miwani zake kwa pindo la kanzu, upande huu, upande ule, akazipangusa tena.  Mzee wangu aliyechekwa na mji mzima miaka minne kwa sababu ya mwanamume asiyekuwapo, sasa mwanamume huyo yupo mlangoni kwake amevaa viatu, anaomba ruhusa.

"Asije mwenyewe," baba akasema mwishowe. "Aje na mshenga wake. Na awe mzee, ambaye hajawahi kuingia kwenye sanduku."

"Nimesikia, mzee," Nassibu akasema, na mkono haukwenda kwenye kifundo.

Akaondoka. Nilimsikia akivuka uwanja, halafu barabara, halafu sikusikia tena. Nikainuka nikafungua dirisha. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya kuelekea stendi, shati jeupe, mikono yote miwili inaning'inia kama ya watu wengine. Hakugeuka. Alikuwa na safari ya kwenda kumvunja moyo mtu aliyemfukua, na mimi sikuweza kumsaidia kuibeba hata hatua moja. Huenda Bashiri angesema nenda. Huenda angesema hapana, na pale konani ndipo ningekuwa nimemwona kwa mara ya mwisho.

Shangazi akaniambia nifunge dirisha, vumbi linaingia. Sikulifunga.